Menza Anarudi Nyuma

Kobe walipoletwa Gongoni, walikuja na mdomo wao.

Vilikuwa vigari vya umeme vya magurudumu matatu, vyenye paa la turubai la buluu na viti viwili vinavyotazamana. Mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyechelewa kidogo lakini hataki kuonekana anakimbia. Vijana wa bodaboda, ambao pikipiki zao hupasua masikio tangu alfajiri zikipeleka vibarua mashamba ya chumvi, walivitazama mara moja tu wakaviita kobe. Jina likakaa. Hata Mama Janet, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kilichovipata, alichoka kusema "vyombo vyetu vya usafiri" akawa anasema kobe kama watu wengine.

Mdomo wenyewe ulikuwa hivi. Dereva alipobonyeza kitufe cha kurudi nyuma, ndani ya kobe mwanamke wa Kichina alianza kusema. Alisema haraka haraka, kwa sauti nyembamba, maneno yale yale, na hakunyamaza mpaka kobe asimame. Hakuna aliyejua anasema nini. Wengine walidhani anaomba njia. Nyale wa bodaboda aliapa kwamba anatukana. Siku moja kobe alirudi nyuma penye matanga, mwanamke yule akapayuka katikati ya maombi, na jamaa mmoja wa marehemu akashindwa kujizuia akacheka. Ilikuwa aibu kubwa. Jioni ile ile Mama Janet alimwita fundi Okoth akamwambia, "Huyo mwanamke mkate ulimi." Okoth akakata nyaya za kobe wote, na tangu hapo kobe wa Gongoni wakawa bubu, wakienda bubu, wakirudi bubu.

Aliyefurahi kuliko wote ni Kahonzi.

Kahonzi alikuwa dereva wa kobe, na alikuwa msichana asiyeweza kusema mbele za watu. Si kwamba hakuwa na maneno. Maneno alikuwa nayo tele, lakini watu wakizidi wawili yalirudi tumboni yakakaa huko. Shule aliiacha darasa la sita, na jambo alilolishukuru katika kuiacha ni kwamba hakusimamishwa tena asome kwa sauti. Mama Janet alimpa kobe kwa sababu alikuwa makini. Katika vichochoro alipita bila kugusa ua wa mtu, na akimpeleka mwanamke mwenye mimba zahanati, ilikuwa kana kwamba amebeba mayai. Chombo kisicho na sauti na dereva asiye na sauti, walielewana.

Nyumbani aliishi na nyanya yake mzaa baba, ambaye yeye na mtaa mzima walimwita Hawe, kama Wagiriama wanavyowaita nyanya zao. Jina la Hawe hasa lilikuwa Kahonzi pia. Mjukuu alirithi kwake. Kwa hiyo ndani ya nyumba hawakuitana majina. Waliitana somo, kama wafanyavyo watu wenye jina moja. "Somo, chai iko wapi?" "Somo, umeamkaje?" Wakati mwingine Hawe aliita tu bila haja, aitikiwe. Kahonzi hakuwa na mali aliyoipenda kama neno lile.

Menza naye aliendesha kobe. Alikuwa kijana wa maneno, wa kumchekesha hata anayeumwa na jino, na wanawake wa sokoni walimpendea hilo. Wazee aliwapa shikamoo zao kwa kuinama. Menza alimwita Kahonzi "Bubu wangu", na watu wakacheka, na Kahonzi naye akatabasamu kwa sababu hakujua la kufanya jingine.

Siku ya mkosi, Kahonzi alimsimamisha kobe wake mbele ya nyumba ya mama mmoja, akaingia ndani kumbebea mfuko wa unga. Ufunguo aliuacha mahali pake. Kobe wa Menza alikuwa karakana akichajiwa, na Menza, aliyekuwa akizurura, alipoona kobe asiye na mtu akapanda. Labda alitaka kufika mbele tu na kurudi. Labda alitaka kumficha, Bubu atoke ahangaike, watu wacheke. Alibonyeza kitufe cha nyuma bila kugeuza shingo.

Hawe alikuwa akipita nyuma ya kobe, akitoka kwa jirani, akasimama kujifunga leso vizuri, mgongo amempa kobe. Hakusikia kitu. Kobe alimwangusha kifudifudi akampanda mguu.

Kahonzi alisikia kilio cha somo wake akatoka mbio. Alimwona Menza akiruka kutoka kwenye kiti. Gurudumu lilikuwa bado juu ya mguu, na Kahonzi hakungoja kuuliza. Alipanda, akashika usukani, akamsogeza kobe mbele. Hapo ndipo watu walipotokea. Walichokiona ni Kahonzi juu ya kobe, mikono yote miwili kwenye usukani, na Hawe chini mchangani analia.

"Nilimpigia kelele!" Menza alikuwa tayari anasema, mikono kichwani. "Mimi nimekaa pale barazani kwa Everlyne, namwona anarudi nyuma bila kuangalia. Namwambia, Bubu, angalia nyuma! Jamani, nilimwambia!"

Duka la Everlyne lilikuwa limefungwa saa ile, na barazani hapakuwa na mtu wa kumkanusha.

Kikao kilifanyika karakana, kobe wamepangwa nyuma ya watu kama nao wamekuja kusikiliza. Mama Janet hakuwa mtu mbaya. Alimsimamisha Kahonzi akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, sema. Ni wewe?"

Maneno yalikuwa pale. Kahonzi aliyahisi yamepanda mpaka kooni: si mimi, ni Menza. Aliangalia miguu ya watu. Alifungua mdomo ukatoka mkwaruzo tu, kama wa mtu anayesafisha koo, halafu machozi.

"Basi," Mama Janet alisema. "Ametujibu."

Kahonzi alivuliwa udereva akapewa kazi ya kuosha. Gongoni upepo hubeba chumvi, na chumvi hula chuma, kwa hiyo kila jioni kobe walioshwa kwa maji baridi ya bomba kabla ya kuchomekwa kwenye umeme. Hilo lilikuwa lake sasa. Kobe wake alipewa Menza badala ya yule wake mkuukuu.

Lakini hilo angeliweza kulimeza. Alichoshindwa kukimeza kilitoka hospitali ya Malindi, pale alipoketi kando ya kitanda, wawili peke yao, akanong'ona: "Si mimi, somo. Ni Menza."

Hawe alimtazama. Mguu ulikuwa umefungwa plasta mpaka gotini.

"Ungekuwa si wewe, ungesema mbele za watu," alisema. "Mtu aliyesingiziwa hupiga yowe. Wewe umekuja kuninong'oneza."

Akageukia ukutani. Aliporudi nyumbani, akitembelea mkongojo, walikaa nyumba moja kama zamani. Kahonzi alimpikia, alimwogesha, alimpaka mafuta kwenye mguu. Hawe hakumgombeza hata mara moja. Alimwita "wewe." "Wewe, leta maji." "Wewe, fungua dirisha." Somo alikwisha.

Hilo ndilo Kahonzi aliloapa kumlipiza Menza. Si kobe, si kazi. Neno lile. Kila jioni aliposugua chumvi kwenye magurudumu ya kobe wa Menza, alilisugua na hilo.

Sasa, baada ya ajali kikundi kilikata shauri kwamba kobe asiye na sauti hatatoka karakana, na safari hii waseme Kiswahili watu waelewe. Aliyelipigania jambo hili kuliko wote alikuwa Menza mwenyewe.

"Kobe bubu ni hatari," alisema kikaoni. "Mmeona wenyewe alivyotufanyia bubu mwenzake."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kahonzi, aliyekuwa akiosha nyuma yao, aliinama akaendelea kuosha. Lakini maneno yale aliyaokota akayaweka.

Fundi Okoth alileta vipaza sauti vidogo, kimoja kwa kila kobe. Namna yake ilikuwa rahisi: unashika kitufe, unasema, unaachia, na kile ulichosema ndicho kitakachosemwa kila kobe akirudi nyuma. Shida ilikuwa sauti. Mama Janet alijaribu, ikatoka kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye shamba la mahindi. Wengine waliangua kicheko katikati. Okoth akafika bombani.

"Wewe si huimba ukiosha?" alisema. "Ukidhani hakuna mtu?"

Kahonzi alitikisa kichwa.

"Usinidanganye, dada. Nimesikia. Sasa sikiliza. Ingia stoo, funga mlango. Hakuna mtu huko. Mimi naenda kunywa chai. Kila kimoja nimekiandika jina la dereva. Sema tu tahadhari, kobe anarudi nyuma, mambo kama hayo."

Ndani ya stoo palikuwa na harufu ya mafuta na mpira. Kahonzi alisimama mbele ya vile vidude akajishangaa: maneno yalitoka. Yalitoka mazima, laini, bila kukwama, kwa sababu hapakuwa na jicho la mtu. "Tahadhari. Kobe anarudi nyuma. Tupisheni, tafadhali." Akasema hivyo kwa kimoja, kwa kingine, kwa kila kimoja, mpaka akabaki na kile kilichobandikwa karatasi yenye jina la Menza.

Alikishika kwa muda mrefu. Jasho la vidole likailowesha karatasi. Aliwaza kusema yote, kusema mwongo, kusema mvunja miguu ya wazee. Kisha akafikiri kwamba tusi Menza angelijibu kwa tusi, na mashtaka angeyajibu kwa kicheko. Mdomo ule ulikuwa na dawa ya kila kitu. Ila yeye Kahonzi, kikaoni, hakutukanwa wala hakushtakiwa. Aliulizwa tu.

Akashika kitufe.

"Tahadhari. Menza anarudi nyuma. Menza, siku ile ni nani aliyeshika usukani?"

Okoth aliporudi alivijaribu vyote, kimoja baada ya kingine, akitingisha kichwa kwa kuridhika. Kile cha mwisho alikisikiliza mpaka mwisho. Akakisikiliza tena. Alimtazama Kahonzi, na Kahonzi akatazama chini.

"Hivi vidude nafunika na hii gundi nyeusi, chumvi isiingie," Okoth alisema polepole. "Ikishakauka, hata mimi siwezi fungua bila kuvunja. Kwa hivyo nakuuliza. Umemaliza kusema?"

Kahonzi aliitikia kwa kichwa.

"Haya." Akachukua gundi.

Mara ya kwanza ilikuwa sokoni, mbele ya wauza samaki. Menza alimshusha abiria, akabonyeza kitufe, na sauti ya msichana, safi kama maji ya mtungi, ikamwuliza. Wanawake wakalipuka kwa kicheko.

"Menza, unaulizwa!"

"Usukani wa nani tena, kijana? Umeushika wa nani?"

Menza alicheka nao. Alifanya hata mzaha wake, akamsujudia kobe, akasema, "Hakimu, nimekoma." Lakini alipofika zahanati ilimbidi arudi nyuma tena, na sauti ikamwuliza tena. Na mbele ya msikiti. Na penye kinu cha kusaga. Mzaha ukirudiwa sana hupoteza chumvi, na swali likabaki peke yake. Jioni mama mmoja, si kwa ubaya, alimwuliza: "Hivi siku ile, ni siku gani?"

Menza alikwenda kwa Okoth. "Fundi, toa hii takataka."

"Mimi nililipwa kuweka, sikulipwa kutoa," Okoth alisema bila kuinua uso. "Nikivunja, kobe yako ni bubu. Kobe bubu haitoki. Si ni wewe ulitaka hiyo sheria?"

"Weka nyingine basi!"

"Mwambie Mama Janet anunue. Mweleze tu kwa nini hii inakuuma."

Menza akaenda bombani, ambako Kahonzi alikuwa amechuchumaa akisugua gurudumu.

"Bubu wangu," alianza kwa sauti tamu. Kahonzi hakuinua kichwa. "Dada Kahonzi. Tumechezeana, basi yaishe. Mwambie Okoth afute." Kahonzi akaendelea kusugua. "Unafikiri nakuogopa? Nitakwenda kwa mwenyekiti nimwambie unaniharibia jina!" Povu lilichuruzika mpaka viatuni mwake. "Unataka nini wewe?"

Alikuwa mtu mmoja tu. Kwa mtu mmoja sauti yake ilitosha, ndogo, lakini ilitosha.

"Jibu tu," Kahonzi alisema.

Menza hakujibu. Alichofanya, aliacha kurudi nyuma.

Kwa muda hakuna aliyeng'amua isipokuwa Kahonzi. Menza alikuwa akienda mbele tu. Akilipita duka la abiria wake hata kwa hatua chache, hakurudi. Alizunguka mtaa mzima, akapita kwa kinu, akapita kwa msikiti, akarejea pale pale kwa upande mwingine. Kwenye vichochoro visivyotokeza alikataa kuingia. Wanawake walianza kunung'unika kwamba ukipanda kobe wa Menza unatembezwa Gongoni yote kama bibi harusi. Nyale wa bodaboda, akipita na pikipiki yake, alimfokea, "We Menza! Kobe wako ana shingo ngumu? Hageuki?"

Kahonzi aliyasikia hayo akayala kama chakula. Na aliongeza chumvi kwa mkono wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyewapanga kobe jioni baada ya kuwaosha. Kobe wa wengine aliwaweka wakitazama lango. Kobe wa Menza alimweka pua ukutani. Asubuhi Menza alifika akamkuta hivyo, na mbele ya madereva wote hakuthubutu kugusa kitufe. Alimsukuma kwa mikono, miguu ikiteleza kwenye matope aliyoyaacha Kahonzi kwa makusudi, shati limemlowa kabla ya kazi kuanza. Kahonzi alisimama na ndoo yake akitazama. Hakutabasamu. Kutabasamu alikuwa amekuacha zamani, enzi za Bubu wangu.

Siku nyingine Menza alisema mwenyewe, kwa hasira, "Si umgeuze!" Kahonzi akamwosha kobe jioni ile vizuri kuliko siku zote, akamweka pua ukutani, karibu zaidi.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomchoma. Hawe alitakiwa kwenda zahanati kunyooshwa mguu, na kobe wa kumpeleka alikuwa wa Menza. Nyumba yao ilikuwa mwisho wa kichochoro kisichotokeza, chembamba, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine ua wa makuti. Ukiingia na kobe, njia ya kutoka ni kurudi nyuma tu. Kwa hiyo Menza alimshusha Hawe barabarani, akamwambia tairi halina upepo, siku nyingine mchanga ni mwingi, na Hawe akakokota mkongojo mpaka mlangoni, akisimama kila mara kuvuta pumzi.

Mara ya kwanza Kahonzi alipomwona anakuja hivyo, alikimbia kumpokea. Hawe aliusukuma mkono wake.

"Acha, wewe. Nimezoea."

Usiku wa siku hiyo Kahonzi hakula. Alijua kwamba mguu ule ulikuwa ukilipa kwa ajili ya kisasi chake. Angeweza kumwambia Okoth avunje kile kidude, kobe aingie mpaka mlangoni, Hawe apumzike. Alilifikiri hilo. Kisha Hawe akaita kutoka chumbani, "Wewe, zima taa," na Kahonzi akaizima, na hakwenda kwa Okoth.

Haukupita muda mrefu. Siku ya zahanati, Mama Janet aliamua kumsindikiza Hawe, kumwona hali, na wakati wa kurudi alikuwa amekaa naye kwenye kobe, katikati yao mfuko wa unga na mkungu wa ndizi. Kichochoroni mlikuwa na wanawake wa jirani wakishona makuti kivulini, na Kahonzi alikuwa mlangoni akikuna nazi. Kobe akasimama barabarani.

"Tumefika, mama zangu," Menza alisema.

"Tumefika wapi?" Mama Janet aliuliza. "Nyumba iko kule."

"Mchanga, Mama Mwenyekiti. Kobe atazama."

"Mchanga uko wapi? Huo? Mimi mwenyewe nimepita na baiskeli hapo. Endesha!"

Menza aliendesha. Kahonzi aliacha kukuna. Alimwona kobe akija polepole, pua mbele, turubai likikwaruza ua wa makuti, na mbele yake hapakuwa na mahali pa kwenda ila mlango wao.

Walimshusha Hawe, wakashusha mfuko na ndizi. Menza akaruka chini, akashika kobe kwa nyuma akajaribu kumwinua.

"Akina mama, nisaidieni kidogo. Tumgeuze kwa mikono."

"Umgeuze kwa mikono, yeye jiwe?" alisema mmoja wa washona makuti. "Si ana rivasi?"

"Rivasi imekufa."

"Imekufa lini?" Mama Janet alisema. "Asubuhi Okoth kaniambia kobe wote wazima." Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa kuzungushwa, alipenyeza mkono wake mnene, akageuza ufunguo, akabonyeza kitufe, breki ikiwa bado imefungwa.

"Tahadhari," kobe alisema. "Menza anarudi nyuma. Menza, siku ile ni nani aliyeshika usukani?"

Mama Janet alikuwa bado ameshikilia kitufe, na sauti ikaanza upya, ikamaliza, ikaanza tena.

"Hiyo sauti naijua," Hawe alisema. Alikuwa amesimama akiegemea mkongojo. Hakumtazama Kahonzi, alimtazama Menza. "Haya, kijana. Umeulizwa. Jibu."

"Mchezo tu huo, Hawe. Huyu msichana ana chuki na mimi, amenirekodia upuuzi—"

"Sikukuuliza kuhusu chuki. Nimesema jibu."

"Nimeshajibu! Kikao kilikaa, watu wote walimwona! Alikuwa juu ya kobe, ameshika usukani!"

"Tahadhari," kobe alisema. "Menza anarudi nyuma..."

"Zima hiyo, Mama Janet!" Menza alipiga kelele. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. Maneno, marafiki zake wa siku zote, yalimjia kwa fujo, akayatoa yote kama yalivyokuja. "Aliyeshika ni yeye! Mimi nilikuwa nimesharuka chini! Yeye ndiye aliyepanda akamsogeza, mguu ukiwa bado chini ya gurudumu, mimi nimesharuka!"

Mama Janet aliachia kitufe.

Hapo ndipo Menza aliposikia alichokisema. Alifungua mdomo. Ukatoka mkwaruzo tu.

"Uliruka," Hawe alisema taratibu. "Uliruka kutoka wapi, mwanangu?"

"Si alikuwa barazani kwa Everlyne?" aliuliza mshona makuti.

"Labda aliruka kutoka barazani," alisema mwenzake. "Baraza ya Everlyne iko juu sana, mtu hawezi kushuka, mpaka aruke."

Walicheka, lakini si kicheko kile cha zamani. Mama Janet hakucheka. Alichomoa ufunguo wa kobe, akautia ndani ya leso yake, akaukaza fundo.

"Ulikwenda mbele sana na maneno yako, kijana," Hawe alimwambia Menza. "Sasa rudi nyuma. Kwa miguu."

Na Menza, ambaye kichochoro kilikuwa kimezibwa na kobe mbele yake na wanawake kila upande, alirudi nyuma kweli, akibana mgongo kwenye ua wa makuti, kinyumenyume, mpaka barabarani. Kahonzi alimtazama mpaka akapotea. Alidhani atahisi huruma kidogo. Alitafuta ndani yake, hakuikuta, na hakuendelea kutafuta.

Hawe aligeuka. Ilimchukua muda, kwa mguu ule.

"Nilikuambia mtu aliyesingiziwa hupiga yowe," alisema. "Sikujua kwamba wewe yowe lako utalitia kwenye chombo." Akanyoosha mkono ambao siku zote alikuwa akiukataza kushikwa. "Nishike. Nimechoka kusimama, somo."

Kahonzi alimshika. Nazi iliyokunwa ilikuwa bado imemganda vidoleni, na Hawe hakujali.

Kobe alirudi kwa Kahonzi kesho yake. Mama Janet alimwomba radhi mbele ya madereva wote, kwa ufupi, kama mtu anayekunywa dawa chungu, kisha akasema Okoth avunje kile kidude aweke kingine chenye maneno ya kawaida.

Watu walikuwa wengi. Kahonzi alitazama miguu yao. Kisha akainua uso.

"Bado, Mama Janet," alisema. Ilitoka ndogo, lakini ilisikika mpaka langoni. Okoth aliyekuwa ameshika nyundo akaiweka chini.

Menza siku hizi ni wa pikipiki, ya kukodi kwa Nyale, na kituo chake ni pale penye barabara kuu. Pikipiki yake ina kelele kuliko zote. Inasemekana aliichagua kwa hilo. Kahonzi humpitia kila siku ya zahanati, Hawe ameketi nyuma na mkongojo wake magotini. Njia pale ni pana. Kobe angeweza kupita moja kwa moja bila kugeuka hata kidogo. Lakini akifika kituoni Kahonzi husimama, hubonyeza kitufe, akarudi nyuma taratibu, bila haja yoyote, mbele ya bodaboda wote waliopanga pikipiki zao, na sauti yake ikamwuliza Menza lile swali.

Menza huipiga pikipiki resi, ingurume iifunike sauti ile. Resi haiwezi kudumu. Petroli hutoka mfukoni mwake.

Pikipiki inaponyamaza, Hawe huinama mbele, akamgusa Kahonzi begani.

"Rudi tena, somo," husema. "Hakusikia vizuri."